Gitaa la Kanisa Lililonyamaza Kupita Kiasi

Kabla hujafungua gitaa la mtu, hesabu skrubu mbele yake, kwa sauti. Ukishazitoa, zihesabu tena akiwa bado amesimama hapo. Sisemi wateja wa Thika ni wakorofi. Nasema tu kwamba kila gitaa linaloletwa kwa fundi lina skrubu pungufu, na mwenyewe huwa hajui mpaka siku ya kulichukua. Siku hiyo ndiyo anapata macho.

Kibanda changu nimekifunga mwaka huu. Macho yamekataa waya mwembamba, na waya nao, sijui ni mimi au ni viwanda, umezidi kuwa mwembamba. Siku hizi vijana wanaojifunza kazi hii hupita hapa kwangu Kamenu kuniuliza nimejua nini kwa miaka yote ya kufungua redio, spika, amplifaya na magitaa. Nawapa kiti, nawapa chai, halafu nawapa habari ya gitaa la Njuguna. Mle ndani mna kila kitu: sumaku, waya, kanisa, friji, na jenereta ya Ruiru.

Kwanza muijue pikapu. Sisemi ile ya kubeba kabeji. Pikapu ya gitaa ni kile kisanduku kidogo kilicholala chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko mingi mpaka ukianza kuihesabu utaacha. Uzi ukitikisika juu yake, waya unasikia na kupeleka habari kwa amplifaya. Shida ni kwamba waya huo hauchagui cha kusikia. Unasikia uzi, unasikia stima iliyo ukutani, unasikia taa ya mrija na mashine ya kuchomelea ya jirani, na vyote unapeleka. Ndiyo maana gitaa lenye pikapu za koili moja, yaani msokoto mmoja tu wa waya huo, ukilichomeka tu linavuma, mmmmm, kabla mtu hajaligusa.

Hambaka ni pikapu yenye koili mbili zilizolazwa bega kwa bega, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Mvumo wa stima unaingia kote kuwili, lakini kila koili inaupeleka kinyume cha mwenzake, na mwisho wa waya unajimaliza wenyewe. Muziki unabaki. Ni kama kamati yenye wenyeviti wawili: kila mmoja anapinga alichosema mwenzake, na huku nje hakisikiki kitu. Tofauti ni kwamba hambaka inafanya kazi.

Haya yote alinifundisha Mzee Okumu, mtu wa Siaya aliyekuja Thika kufanya kazi ya kiwandani akaishia kutengeneza magitaa ya bendi zilizokuwa zikipita hapa. Mita ya kupimia umeme hakuwa nayo wala hakuitaka. Alikuwa anachomeka gitaa, anagonga pikapu polepole kwa bisibisi, na kutega sikio. Ikisema "tok", iko hai. Ikinyamaza, anavua kofia. Na mteja akija kulalamikia kelele, Mzee Okumu alikuwa na swali moja, daima hilo hilo: "Hiyo kelele inamuudhi nani? Wewe, au jirani?" Mimi nilidhani ni maneno ya kupitisha muda akitafuta miwani.

Sasa Njuguna. Huyu alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye kinu cha unga, mtu mpana, mpole, anayeongea kama anayeomba ruhusa. Siku sita za wiki hakuna aliyemuita ila kwa mluzi. Jumapili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa letu, ile ambamo mke wangu, Mama Wanjiku, anaimba sauti ya pili. Alikuwa ameipigia kwaya hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba koti lake la Jumapili lilikuwa na alama ya mkanda wa gitaa begani.

Alikuja kwangu Jumatatu moja, gitaa likiwa limefungwa kwa blanketi.

"Fundi, nimepewa mpaka Ruiru."

"Umepewa nini?"

"Mimi na hili gitaa. Mpaka Ruiru."

Nikamkalisha. Kumbe kulikuwa na tamasha la kwaya za makanisa mjini Ruiru mwezi uliofuata, na kwaya yetu ilikuwa imealikwa. Pasta alikuwa amemwita mbele ya wazee akamwambia wazi: gitaa linavuma hata wakati wa maombi, na likienda kuvuma Ruiru, hiyo itakuwa safari yake ya mwisho. Kinanda kilikuwa kimeshapatikana. Kilikuwa cha mtoto wa dada yake Pasta, na kilikuwa na kitufe kinachopiga ngoma, kingine kinachopiga gitaa, na kingine sauti ya upepo.

"Na wewe utawekwa wapi?" nikamuuliza.

"Pasta anasema nitasaidia kupanga viti."

"Gitaa?"

"Stoo. Pamoja na mapazia ya Krismasi."

Alisema hivyo akiangalia sakafu. Nilichomeka gitaa. Lilivuma kama nyuki waliokosewa. Nikamwambia dawa ni kutoa pikapu zote mbili na kutia hambaka, na kwamba nikimaliza, gitaa lake litanyamaza hata mbele ya transfoma. Swali la Mzee Okumu sikuuliza. Lilinijia, lakini miwani yangu nilikuwa nimeshaivaa.

Hambaka nilizipata Juja, kwa mwanafunzi mmoja aliyeitwa Brayo, ambaye alikuwa anauza vifaa vya muziki kutoka chini ya kitanda chake. Chumba kile ungeuliza analala wapi. Mkienda kununua kitu cha mtumba, vijana, kiulizeni kitu chenyewe maswali, lakini muuzaji pia mumuulize, kwa raha yenu tu.

"Mzae, hizi ni original," akasema. "Zimetoka kwa gitaa ya msee wa majuu."

"Huyo msee wa ng'ambo alizitoa kwa nini?"

"Aliweka zingine."

"Kwa hiyo hakuzipenda."

"Alizipenda sana. Ndio maana alizitoa polepole."

Nikamwambia azichomeke. Nikagonga kwa bisibisi: tok, tok. Nikazipima kwa mita pia, maana mimi si Mzee Okumu, mimi huamini baada ya mara ya pili. Zilikuwa nzima. Bei tuliivuta, akavuta, nikavuta, tukakutana mahali ambapo kila mmoja alijifanya ameumia. Halafu nikaanza habari ya skrubu.

"Skrubu ni separate," akasema.

"Sasa pikapu itashikwa na nini? Imani?"

"Si umesema ni gitaa ya church?"

Huyo kijana atafika mbali. Nilinunua skrubu. Nikazihesabu mara mbili mbele yake. Naye akazihesabu mara ya tatu asinizidishie. Nilipoona nimeshindwa hapo, nikamwambia basi aniongezee kitu chochote, hata kama hakina kazi. Akapekua sanduku akanipa kitufe kimoja cha ajabu cha kuongezea sauti: ukikizungusha kinafanya kazi ya kawaida, lakini ukikivuta kinapanda juu, na chini yake kina swichi. Kilikuwa kimekaa kwake bila mnunuzi. Nikakitia katika mfuko wa koti na kukisahau.

Kazi yenyewe sikilizeni vizuri. Hambaka ni pana kuliko pikapu ya koili moja, kwa hiyo shimo la gitaa halitoshi. Usipige patasi kwa nyundo kama unachonga stuli. Chora mstari, bandika tepu kando ya mstari ili rangi isibanduke, halafu nyoa ubao kidogo kidogo, ukipima, unyoe tena. Ukizidisha hakuna wa kurudisha. Njuguna alikuja kusimama karibu yangu wakati nanyoa, kila kibanzi cha ubao kikianguka anafumba macho. Nilipotoa pikapu za zamani, tukakuta shimo limefunikwa kwa ndani na karatasi zinazong'aa.

"Hiyo ni nini, Fundi?"

"Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Fundi wa zamani alijaribu kuzuia kelele nayo."

"Kwenye gitaa la kanisa?"

Nikazibandua. Zilikuwa nyingi. "Alikuwa mvutaji mwenye bidii," nikasema.

Njuguna akaangalia mlangoni. "Tuseme tu ni karatasi ya kung'aa."

Kila hambaka ya Brayo ilikuwa na waya nne, mwanzo na mwisho wa kila koili. Mbili zinakwenda kazini. Zile mbili za katikati, pale koili ya kwanza inapoishia na ya pili inapoanzia, unazisokota pamoja, unazilehemu, unazifunga tepu, unazilaza. Msizikate fupi. Kuna mafundi huzikata waonekane wasafi. Ninyi zikunjeni zilale. Hamjui kesho zitaitwa kwa kazi gani.

Nilichomeka gitaa. Kimya. Njuguna akadhani limekufa, akanigeuzia uso kama mtu anayengoja habari za mgonjwa hospitalini. Nikamwambia agonge uzi. Akagonga, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, imeshiba, haina hata chembe ya mvumo. Aligonga tena. Alitoka nje ya kibanda, akasimama juani kidogo, akarudi.

"Limenyamaza kama mtu aliyeokoka," akasema.

Jumapili nilikwenda kanisani mapema, maana fundi naye hupenda kuona. Njuguna alichomeka, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya jengo lile, spika haikusema neno. Pasta alilitazama gitaa, akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu Esther, aliyekuwa akiongoza kwaya, akainuka, akanyoosha mikono, akangoja.

Kwaya nayo ikangoja.

Mimi nilidhani ni heshima. Mikono ya Mwalimu Esther ilibaki juu mpaka ikachoka. Hatimaye akaishusha, na kwaya ikaanza wimbo. Ilianza katika sehemu nne. Sauti ya kwanza ilikuwa juu karibu na mabati, besi ilikuwa imeanguka mahali fulani chini ya mimbari, na mke wangu na wenzake walikuwa katikati wakitafuta njia. Walisimama. Wakaanza tena. Safari hii walikuwa katika sehemu tano.

Mwalimu Esther akamwambia Njuguna agonge uzi awape noti. Akagonga: ting. Lakini noti ya uzi huisha. Kabla wote hawajafungua midomo ilikuwa imeshakwenda, na kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake tofauti. Isitoshe, gitaa lenyewe lilikuwa halijui liko wapi. Njuguna alipojaribu kukaza nyuzi ili zikae sawa, zilikaa sawa na kitu kingine kila mara.

Ibada ilipokwisha, Pasta alisema kwa upole, "Kwa kweli, kelele imeisha." Halafu akamgeukia Njuguna. "Kinanda, wajua, kinaweza kushika noti moja mpaka jioni."

Njuguna alinikuta nje. "Fundi, umeliua."

"Limepona, Njuguna. Umelisikia."

"Kwaya ndiyo haijapona."

Siku mbili nilizunguka na jambo hilo. Nilifungua gitaa nikalikagua, nikalifunga, nikalifungua tena. Lilikuwa sawa. Jawabu lilikuja Jumanne mchana, nikiwa nimeketi jikoni kwangu. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Mama Wanjiku alikuwa anakata sukuma wiki, kimya. Stima ikarudi, friji ikatikisika, ikaanza kunguruma, mmmmm. Na Mama Wanjiku, bila kuinua macho kutoka kwa kisu, akaanza wimbo wa kwaya. Noti kamili. Hakuitafuta, aliingia tu kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Nikainuka nikachomoa friji.

"Baba Wanjiku, ni nini?"

"Anza ule wimbo tena."

Akaanza. Ukatoka juu sana. Akaacha, akaanza tena, ukatoka chini. Akanitazama kana kwamba nimemfanyia kitu. Nikachomeka friji. Mmmmm. Akaanza, na wimbo ukakaa mahali pake.

Nilikwenda kibandani nikaichukua pikapu ya zamani ya Njuguna, nikaiunganisha na amplifaya ndogo: noti ile ile ya friji. Nikawasha taa ya mrija: ile ile. Nikaenda barabarani nikasimama chini ya transfoma nikiwa nimetega sikio, jirani yangu akiniangalia juu ya ua bila kuuliza. Noti ile ile. Vijana, stima inayotoka ukutani, hapa na Ruiru na Juja na Kisumu, inavuma noti moja. Kwaya yetu ilikuwa imeichukua kutoka kwa gitaa la Njuguna kila Jumapili, kwa miaka, bila mtu mmoja kujua kwamba anaichukua. Njuguna mwenyewe alikuwa anakazia nyuzi zake hapo hapo. Nami nilikuwa nimewang'olea.

Ndipo nikasikia swali la Mzee Okumu. Kelele ilikuwa inamuudhi Pasta. Majirani wa gitaa, kwaya nzima, walikuwa wanaitumia.

Nilimweleza Mwalimu Esther nikitegemea atanifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Friji yako ina magurudumu?" akauliza.

Haikuwa nayo, ila kulikuwa na mkokoteni. Jumatano alasiri tuliisukuma friji yangu mpaka kanisani, maziwa yakiwa ndani, na mke wangu akitembea nyuma yake kama anayesindikiza mgonjwa. Tuliichomeka karibu na kwaya. Mmmmm. Mwalimu Esther akainua mikono, na kwaya ikaingia wimbo kwa pamoja, vizuri mpaka mzee mmoja akavua miwani.

Lakini friji ni friji. Ikishapoa, inazima. Wimbo wa pili ulipofika, ilikuwa kimya. Ikabidi mtu asimame kufungua mlango ili iingie joto na kuanza tena. Kazi hiyo alipewa Shemasi Gitau, na aliichukua kwa moyo wote. Alifunga kwanza vifungo vya koti la suti. Mwalimu Esther akimpa ishara, anaufungua mlango taratibu, anasubiri mvumo, anaufunga kwa mikono miwili. Kufikia wimbo wa nne maziwa yalikuwa yameshaganda kuwa mala.

Pasta aliingia wakati huo. Aliitazama friji, akamtazama shemasi wake.

"Fomu ya Ruiru," akasema, "ina mahali pa kuandika ala za muziki. Niandike nini? Gitaa, ngoma, friji?"

Shemasi Gitau aliufunga mlango.

Njuguna alinifuata nje.

"Fundi, nirudishie zile za zamani."

"Nikizirudisha, gitaa litavuma wakati wa maombi. Utapanga viti."

"Na zikibaki hizi?"

"Kwaya haitaanza. Utapanga viti."

Tukasimama hapo wote wawili. Yeye alikuwa anatazama mikono yake, na mimi nikatia yangu katika mfuko wa koti. Mfukoni mlikuwa na kile kitufe cha Brayo.

Hapa ndipo msogeze viti. Mnakumbuka zile waya mbili za katikati nilizozilaza? Ukiunganisha kile kifundo chao na swichi, na swichi ukaipeleka kwenye waya wa ardhi, basi swichi ikifungwa koili moja inalala. Inayobaki iko peke yake, haina wa kuipinga. Hambaka inageuka kuwa pikapu ya koili moja, na mvumo unarudi. Ukifungua swichi, koili ya pili inaamka, mvumo unakufa. Kuvuta kitufe: mmmmm. Kukisukuma: kimya. Gitaa moja, tabia mbili.

Nililehemu siku hiyo hiyo. Waya zilitosha kwa sababu sikuzikata. Jumapili Njuguna alivuta kitufe, kwaya ikapata noti yake, akasukuma, na wimbo ukaanza juu ya kimya kisafi. Wakati wa maombi ungesikia kuku wa jirani. Pasta hakusema kitu. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Lakini kinanda hakukirudisha kwa dada yake. "Tutaona Ruiru," akasema.

Friji ilirudi nyumbani.

Ruiru ilikuwa katika ukumbi wa shule, umejaa mpaka madirishani. Nilikwenda na bisibisi mfukoni. Kwaya zilizotutangulia zilikuwa na vinanda, vingine virefu kama meza ya harusi. Yetu ilipoitwa, Njuguna akachomeka, akavuta kitufe, mmmmm, Mwalimu Esther akainua mikono, na stima ikapotea.

Waandaaji walikuwa na jenereta nyuma ya ukumbi. Iliwashwa kwa kelele nyingi, taa zikarudi zikiwa za njano, na spika ikaanza kuvuma tena. Ila jenereta si stima ya ukutani. Mvumo wake unafuata kasi ya kuzunguka kwake, na hii ilikuwa inazunguka kivivu. Noti ilitoka chini kidogo. Kwaya haikuuliza. Ilichukua kilichokuwepo, ikaanza.

Wimbo ulikuwa wa kupanda mlima. Kila kiitikio kinasema tunapanda, tunapanda. Na Njuguna, kwa mshtuko wa stima kupotea, alisahau kusukuma kitufe.

Jenereta ilikuwa inaishiwa mafuta.

Nilijua kabla ya wengine, kwa sababu nilisikia injini. Ilichoka polepole, na mvumo ukashuka nayo, na kwaya, iliyofundishwa kwa miaka kuufuata mvumo huo popote ulipo, ikashuka pia. Wote pamoja, hakuna aliyebaki nyuma. Tunapanda, wakaimba, wakashuka. Tunapanda, wakashuka tena. Njuguna alikuwa anapiga huku nyuzi zikigombana na kila mtu, basi akaacha kupiga, akashika vigingi vya kukazia nyuzi na kuanza kulegeza uzi mmoja baada ya mwingine, awafuate huko walikokwenda. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye gitaa. Majaji watatu walikuwa wameinama mbele, kalamu hewani. Besi ilifika mahali ambapo haikuwa sauti tena, ilikuwa kitu unachokisikia kwenye kiti.

Halafu jenereta ikakata roho. Giza kidogo, spika kimya, gitaa limebaki ubao na waya.

Nilimtazama Pasta. Alikuwa ameshika kichwa. Nilimtazama Njuguna, naye alikuwa akiangalia viti vya ukumbi kama mtu anayevihesabu, mtu aliyeona kazi yake mpya.

Lakini kwaya haikusimama. Haikuwa na mvumo, haikuwa na gitaa, ila ilikuwa pamoja, na ilikuwa imeshuka mahali ambapo hapakuwa tena na chini pa kwenda. Wakashika pale pale. Mama Wanjiku na wenzake wa sauti ya pili wakaushikilia wimbo, na wengine wakasimama juu yao, na kiitikio cha mwisho kikatoka kizito, kizima, bila stima hata kidogo. Watu waliacha kupepea na karatasi zao. Amina ikaingia, ndefu.

Na katika amina hiyo, stima ya kweli ikarudi. Taa zikawaka, spika ikaamka, na kitufe cha Njuguna kilikuwa bado juu.

Mmmmm.

Kwaya yetu, kwa miaka yote hiyo, ilijua maana moja tu ya sauti ile. Mwalimu Esther hakuinua mikono. Haikuhitajika. Wakavuta pumzi wote kwa pamoja na kuanza wimbo upya, ubeti wa kwanza, juu, mahali pake.

Jaji mkuu aliinua kalamu ili awazuie, akaishusha. Waliimba beti zote.

Hatukupata nafasi yoyote. Kanuni ilisema kila kwaya wimbo mmoja, mara moja. Jaji mkuu alipokuja kumweleza Pasta, alisema jambo moja nje ya kanuni. "Mara ya kwanza," akasema, "mlisema mnapanda."

"Njia ilipitia bondeni," Pasta akamjibu, bila kucheka.

Tukiwa tunapakia vitu kwenye gari, Pasta alisimama karibu na Njuguna, aliyekuwa analifunga gitaa kwa blanketi lake, polepole, kama mtu anayelifunga kwa mara ya mwisho.

"Ile kwaya iliyotufuata," Pasta akasema, "si stima ilipotea tena wakiwa katikati?"

"Ndiyo, Pasta."

"Na kinanda kikafanya nini?"

"Kilinyamaza."

"Na kwaya?"

"Ilikaa chini."

Pasta akatazama barabara. "Mwambie Shemasi Gitau viti ataendelea kupanga yeye," akasema, na kwenda kuketi mbele.

Kinanda nasikia siku hizi kinapiga upepo huko kwa dada yake. Njuguna bado yuko na gitaa lake, kitufe akikivuta na kukisukuma kila Jumapili, na skrubu zote zipo, mwezi uliopita nilizihesabu mara mbili.

Mimi niko nyumbani. Juzi stima ilipotea Kamenu nzima tangu asubuhi, ikarudi saa tisa alasiri. Friji yetu ikatikisika. Mama Wanjiku, aliyekuwa anachambua maharagwe, akaanza ule wimbo wa mlima. Nikafungua dirisha ili nimsikie vizuri, na kutoka nyumba ya pili nikasikia sauti ya kwanza ikiuanza. Kutoka ng'ambo ya barabara, besi. Kule juu karibu na duka, Mwalimu Esther. Kila mtu jikoni kwake, kila mtu na friji yake, ubeti wa kwanza, noti moja.

Nilipofunga dirisha, Mama Wanjiku alinyamaza akaniangalia.

"Nilikuwa naimba?"

"Mlikuwa mnaimba," nikamwambia.